Matone ya Kumbusho

"Soma jina," sanduku lilisema.

Tupokigwe alikishika kikaratasi kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota kaa la moto na bado anatafuta pa kulitupa. Jina lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa na wino mweusi, bila hata doa la kumsaidia mtu kusingizia kwamba hakuona vizuri.

"Soma jina," sanduku likarudia, kwa ile sauti yake ya upole isiyojua kuchoka.

Lilikuwa jina la baba mkwe wake. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameolewa katika ukoo wa Mwaisaka, na miaka hiyo yote hakuwahi kulitamka. Mkamwana wa Kinyakyusa aliyelelewa vizuri hatamki jina la baba mkwe, hamtazami usoni, wala hakanyagi njia aliyopo. Akimwona anakuja, huchepuka migombani hata kama ana ndoo ya maji kichwani. Bibi zake waliishi hivyo. Mama zake wakaiacha desturi hiyo. Halafu ukaja Mwaka wa Orodha, na desturi ikarudi.

Mwaka huo Tupokigwe alikuwa na miaka sita. Alikumbuka asubuhi moja, watu wazima wamesimama nje ya nyumba zao, kila mmoja anatazama simu yake, na hakuna anayesema neno. Mashine zilizotunza siri za hospitali zilikuwa zimevuja, na majina ya wenye VVU yakamwagika kwenye kiganja cha kila mtu, mkoa baada ya mkoa. Ilimwagika mikoa saba. Wa nane ulikuwa wao. Mashine zilizimwa kabla haujafikiwa, lakini wiki nzima watu wa milimani walikaa wakingoja zamu yao kama wangojavyo mvua ya mawe.

Baada ya hapo sheria ikabadilika. Jibu baya halikai tena ndani ya mashine. Linakaa kwenye mdomo wa msomaji mmoja, naye analipeleka kwenye sikio la mwenyewe, basi. Si kwa mke, si kwa mtoto, si kwa daktari mwingine. Sanduku lilikuwa na kazi moja tu: lisikie jina likitamkwa, lihakikishe msomaji amelipata sawasawa, limeze karatasi, lisahau. Na watu nao, kwa kuwa walikwisha kutazamwa kupita kiasi, wakaanza kuzipenda upya desturi za kutotazamana.

"We Tupo!" Gwakisa, msomaji mwenzake, alipaza sauti kutoka chumba cha pili, mdomo umejaa mahindi ya kuchemsha. "Hilo sanduku linakutongoza au? Mbona linakubembeleza hivyo?"

"Tafuna mahindi yako, Gwakisa."

"Mimi huwa linaniambia mara moja tu, tena kwa ukali. Una bahati mwenzangu."

Tupokigwe akausogelea mdomo wa sanduku. "Baba Lwitiko," alinong'ona. Lwitiko ndiye mumewe.

"Jina halilingani. Umebakiwa na nafasi mbili."

"Mzee Mwaisaka."

"Jina halilingani. Umebakiwa na nafasi moja."

Hiyo moja ikipotea, jibu lingefungwa siku arobaini, kisha lipelekwe kituo kingine, kwa msomaji mwingine asiyemjua mzee. Siku arobaini si nyingi kwa mtu anayengoja mahindi yakomae. Kwa kile alichokiona asubuhi ile kwenye kioo cha darubini, zilikuwa nyingi mno.

Alikuwa ameitazama damu ile saa tano mfululizo. Kazi ya usomaji haikutaka vyeti. Tupokigwe alikuwa na darasa la saba lake tu. Ilitaka macho na subira. Chini ya darubini zilitandazwa seli elfu kumi, zimepakwa rangi ambayo haionekani mpaka kirusi kiamke. Kikiamka, seli hutoa mwanga wa kijani, mdogo kama kimulimuli, ukawaka na kuzima. Mashine ziliuita mwanga huo vumbi. Mtu mwenye subira hukaa pale pale, akangoja uwake tena.

Mkufunzi wao aliwahi kuwaeleza hivi. Ndani ya kila seli mna uzi mrefu wenye maandishi ya namna ya kumtengeneza mtu mzima. Uzi huo umezungushwa kwenye bobini, maelfu ya bobini, kama za cherehani. Panapolegea, karani wa seli hupita, akasoma, akanakili, na kile alichonakili kikatengenezwa. Panapokazwa, karani hupita bila kusoma. Sasa, kirusi cha VVU ni mjanja: hakigombani na uzi, kinajishona humo humo, mstari wake katikati ya mistari ya mwenyewe. Huwezi kuukata bila kukata nguo. Lakini unaweza kuukaza. Ndiyo maana ya Kufuli, ile sindano moja waliyochomwa watu miaka ishirini iliyopita: inakwenda pale kirusi kilipojishona, inakaza bobini, na karani anapita bila kujua kuna maneno. Kirusi kipo, hakisemi. Hatari yake ni cheche. Karani akijikwaa akanakili japo mara moja, nakala ile inazaa cheche, na cheche inarudi kuwaita makarani mia.

Alama iliyokuwa kwenye kioo ilionyesha kwamba mwaka jana damu hii haikuwa na mwanga hata mmoja. Leo Tupokigwe alihesabu kumi na saba.

Akajifunika khanga kichwani. Akageuza uso ukutani. Akalitamka jina lile lote, la kwanza na la pili, na mdomo ukabaki na ladha kama ya mtu aliyelamba chuma.

"Ahsante, msomaji," sanduku lilisema, na karatasi ikamezwa. "Mfikishie ndani ya siku saba."

*

Nani aliyelegeza bobini za mzee? Njia nzima ya kurudi nyumbani, kati ya mashamba ya chai yaliyolowa ukungu, Tupokigwe aliligeuzageuza swali hilo. Kufuli haijifungui yenyewe.

Macho yake yalikuwa yamekwisha kuona, ila hakuwa amejua yanaona nini. Tangu mvua za masika, mzee alikuwa amebadilika. Zamani alitembea kama mtu anayerudi msibani. Siku hizi alitembea kama anayekwenda kupokea mgeni. Kutoka migombani alikojificha, Tupokigwe alimsikia akiimba nyimbo za vijana wa enzi zake. Siku moja mzee alisimama peke yake kwenye kivuko cha mto, akacheka, akasema, "Atuganile, utaanguka wewe, shika mkono." Atuganile alikuwa mkewe, mama yake Lwitiko. Alikuwa amefariki miaka minne iliyopita.

Kwenye duka la Mama Bupe aliingia kununua chumvi.

"Chumvi tu?" Mama Bupe aliuliza. "Wengine kwenu hawanunui chumvi, wananimalizia rafu nzima ya matone."

"Matone gani?"

"Ya Kumbusho, mwanangu! Mzee wenu kila Ijumaa chupa moja. Namwambia, mzee, punguza, utakumbuka mpaka ulivyokuwa tumboni kwa mama yako." Akacheka mpaka mizani ikatikisika. "Na ni kweli yanafanya kazi. Mimi mwenyewe nililamba tone moja nikamkumbuka mwanamume aliyeniacha. Nikasema, haya, sirudii, bora kusahau."

Tupokigwe akaichukua chupa, ndogo, ya bluu. Maandishi nyuma yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. *Hulegeza kumbukumbu zilizofungwa na uzee.* Akarudia neno moja: hulegeza.

"Ukiwauzia watu, unawauliza kama walichomwa Kufuli?"

Uso wa Mama Bupe ukabadilika ghafla. "Weh! Nimuulize mtu hivyo? Unataka nifungwe? Sheria inasema usimuulize mtu yeyote jambo hilo, hata kwa jicho." Akamkazia macho. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna. Naulizia bei."

Akatoka na chumvi yake. Kumbe ile sheria iliyomfichia mzee siri ndiyo iliyomwachia dawa ya kumdhuru, na katikati yake hapakuwa na mtu hata mmoja wa kulaumu.

Sasa ampelekeeje neno? Lwitiko alikuwa Kyela kwenye kakao, harudi mpaka mwisho wa mwezi; na hata angekuwepo, kumwambia ni kuivunja sheria, na mzee hakuwahi kumwambia mwanawe. Kuandika barua hairuhusiwi. Kumfuata mzee na kusimama mbele yake, je? Kwa mkamwana hiyo ni kama kumvua nguo hadharani, kisha umwambie kwamba ulimwona uchi tangu jana.

Alipika ndizi za mbalaga siku hiyo akasahau chumvi.

*

Asubuhi yao ilikuwa na utaratibu wake. Tupokigwe humkamua ng'ombe kulipopambazuka, humimina maziwa kwenye kibuyu, huupitisha mkono kwenye upenyo wa ukuta wa mianzi na kukiweka kibuyu juu ya jiwe la upande wa pili. Kisha huondoka. Mzee husubiri kusikia hatua zake zikififia, ndipo huja kuchukua. Miaka minne sasa, tangu Atuganile aliyekuwa akimpelekea afariki, hawakuwahi kukosea hata siku moja.

Ng'ombe aliitwa Shangazi, kwa sababu alikuwa mkali na alipenda kutazama watu kama wamechelewa msibani.

Siku ile Tupokigwe aliweka kibuyu, asiondoke. Alisikia upande wa pili mzee amefika, amesimama, anangoja hatua ambazo haziji.

"Shangazi," akamwambia ng'ombe, kwa sauti ya juu kuliko kawaida, "leo nina neno. Neno lenyewe si la mtu mwingine ila la aliye nyuma ya ukuta. Kama yuko na mtu, basi nitanyamaza."

Shangazi akatafuna.

"Ng'ombe," sauti ya mzee ikaja hatimaye, ya mikwaruzo na mashaka, "mwambie anayekukamua kwamba niko peke yangu. Na mwambie kibuyu amekiweka upande, maziwa yananimwagikia kiatuni."

Ilikuwa mara ya kwanza mzee kusema neno linalomhusu.

"Shangazi, mimi kazi yangu ni kusoma damu kituoni. Jana nilisoma moja, jina nikalipata. Kufuli imelegea. Kirusi kinaamka. Kilikuwa hakina mwanga, sasa ni kumi na saba."

Mzee akakohoa, na kikohozi kikawa kirefu kuliko koo linavyohitaji.

"Ng'ombe, mwulize. Alijua lini?"

"Jana, Shangazi. Kabla ya jana hakujua lolote."

"Na sasa ananiona mimi mtu wa namna gani?"

"Shangazi, mwambie mkamwana hatazami. Kwa hiyo haoni."

Upande wa pili ikasikika sauti fupi, kama kicheko kilichojikwaa.

Akamweleza basi, kwa kupitia masikio ya ng'ombe, habari za bobini na karani na cheche. Mzee alielewa upesi. Atuganile alikuwa fundi cherehani, na nyumba nzima ilikuwa ikitembea juu ya vipande vya uzi. Matone ya Kumbusho, alisema Tupokigwe, yanalegeza bobini za kichwani ili mambo ya zamani yasomeke tena. Lakini matone hayajui kuchagua. Yanalegeza na za damu.

"Basi nitarudi kwenye vidonge. Nilivimeza miaka, ng'ombe ajue. Sikukosa siku."

"Viwanda vyake vilifungwa Kufuli ilipokuja. Ipo sindano ya pili tu, Shangazi. Inazuia. Lakini inakaza kila mahali, mpaka kichwani. Mtu aliyekuwa anatumia Kumbusho, yale yaliyofunguka yatafungwa kuliko yalivyokuwa mwanzo."

"Yaani Atuganile atakwenda."

Tupokigwe akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, palipo na joto. "Ndiyo, Shangazi. Mwambie ndiyo."

Mzee alikaa chini. Alisikika akikaa, magoti yakilia kama mlango.

"Ile wiki ya kungoja Orodha," alisema, na sasa hakumtaja tena ng'ombe, alisema tu, "tulivunja simu zote mbili kwa jiwe. Picha zetu zote zilikuwa humo. Tangu siku ile hakukubali kupigwa picha nyingine. Alipokufa nilikuwa na uso wake mwaka mmoja. Mwaka wa pili pua ikaenda. Wa tatu, macho. Nilibaki na koti lake la kijani na sauti ya cherehani. Unajua ni nini kumpenda mtu asiye na uso? Halafu nikanywa haya matone, siku ya tisa akaingia. Analowesha uzi midomoni, amefumba jicho moja. Nikamwona mpaka jino lile lililopanda. Nilimzika mara moja, ng'ombe. Sitamzika mara ya pili. Nina miaka sabini na sita. Hicho kidudu kitaniua lini?"

"Mwaka. Labda miwili."

"Inatosha."

Hapo kazi ya Tupokigwe ilikuwa imekwisha. Sheria ilisema amfikishie, ilikuwa imefika. Sheria haikusema ambembeleze. Angeweza kubeba ndoo yake akaenda zake, na mtu asingemdai neno.

Lakini alikuwa amesoma kitu kimoja zaidi mafunzoni, na alijua kwamba akikisema anamnyang'anya mzee kimbilio, na asipokisema anamdanganya kwa kunyamaza. Jua likagusa ncha za mianzi. Mzee hakuondoka.

"Shangazi," alisema mwishowe, polepole, "kirusi kikiamka hakikai kwenye damu tu. Hupanda kichwani. Watu wa zamani, kabla ya dawa, waliwasahau watoto wao. Kwanza Kumbusho litamwonyesha mkewe. Baadaye atamsahau kwa njia ile nyingine, pamoja na koti, pamoja na cherehani. Hata kwamba aliwahi kuwa naye."

Ukuta wa mianzi ulitikisika kidogo. Labda aliushika ili ainuke. Kibuyu alikiacha pale pale.

*

Siku mbili mzee hakuja kuchukua maziwa. Tupokigwe aliyaweka na kuyakuta yameganda, akayaweka tena. Ya tatu, kabla hajamaliza kukamua, akasikia kikohozi.

"Ng'ombe. Mwulize, matone yakiachwa, yanadumu siku ngapi?"

"Tatu. Nne ukibahatika."

"Na sindano?"

"Siku ya tano."

"Basi matone nimeyaacha. Sikia, wewe mwenye masikio makubwa. Mwanangu siwezi kumwambia, kwa sababu ukianza habari za mama yake lazima ufike kwenye habari za ule ugonjwa. Mchungaji siwezi. Rafiki zangu wamekufa, na waliobaki wana midomo. Duniani ninao watu wangapi ninaoweza kuwamwagia haya yote? Yuko mmoja, naye kwa mila siwezi kusema naye." Akashusha pumzi. "Kwa hiyo nasema na ng'ombe."

Na akaanza.

Asubuhi tatu mzee alimsimulia Shangazi habari za Atuganile, na Tupokigwe alikamua polepole kuliko alivyowahi kukamua. Alimsimulia siku walipokutana kiwandani kwenye kupepeta chai, yeye Atuganile akiwa na vumbi la chai hadi kwenye kope, akamwambia, "Usinitazame, nitapiga chafya." Alimsimulia gauni la kwanza aliloshona, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na mteja akalivaa kanisani hivyo hivyo na fasheni ikaenea hadi Tukuyu. Alisimulia namna alivyogombana na mvua. Mvua ikianza na nguo ziko kambani, Atuganile hakukimbia. Alitoka taratibu, akaitukana wingu kwa wingu, na nguo zikalowa zote naye ameshinda kesi.

Mengine Tupokigwe aliyajua kwa upande wake, maana mama mkwe hakuwa wa kukimbiwa; ndiye aliyemfundisha kupitisha uzi tunduni bila kutazama. Lakini Atuganile wa mzee alikuwa mwingine, msichana mwenye ulimi mkali, na ilikuwa kama kukuta mlango katika nyumba uliyoifagia miaka mingi. Alisikiliza kama alivyozoea kusoma kioo: bila kupepesa, bila kurukia mbele. Usiku alijirudishia yote kimoyomoyo, mpaka mpangilio ukakaa.

Siku ya tatu mzee alisimulia jambo moja tu. Lilichukua asubuhi nzima, na lilipokwisha hakusema kwaheri kwa ng'ombe.

Siku ya tano alichomwa sindano, na mtu wa mlangoni kituoni hakuuliza jina lake.

*

Wiki tatu baadaye Tupokigwe alikaa tena saa tano kwenye darubini. Mwanga mmoja uliwaka asubuhi. Akaungoja. Haukurudi. Seli elfu kumi zilikaa gizani, kimya, kila moja na neno lake moyoni.

Kesho yake alikiweka kibuyu juu ya jiwe, na kutoka upande wa pili mzee akasema, kwa adabu ya mtu anayebisha hodi nyumba ya ugenini:

"Ng'ombe, nasikia kuna mambo niliwahi kukuambia."

"Yapo, Shangazi. Mengi."

"Nina koti la kijani ukutani. Najua ni lake, kwa sababu nimeandika kwenye karatasi kwamba ni lake. Lakini kuna swali moja limebaki, sijui limetoka wapi, linanisumbua kama mwiba usiouona. Je, alinisamehe?"

Tupokigwe akajua anauliza nini. Ni jambo la siku ya tatu.

Akaanza kwa utaratibu, kama alivyoambiwa. Miaka arobaini iliyopita, mume mmoja alipimwa akakutwa na VVU, akaamini ni yeye aliyeleta ugonjwa nyumbani, akaogopa. Alificha kopo lake la dawa kwenye paa la zizi, akasema kila saa moja asubuhi anakwenda kumtazama ng'ombe. Mkewe naye alikuwa amepimwa wakati wa ujauzito, akaogopa, akaficha kopo lake kwenye sanduku la cherehani chini ya vitambaa. Mtoto alizaliwa mzima. Miaka miwili walimeza dawa ile ile saa ile ile, wakiwa wametengana hatua thelathini, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa ujinga wake.

"Wapumbavu hao," mzee alisema.

"Wapumbavu, Shangazi. Siku moja mvua ilikuwa kubwa, mume akashindwa kwenda zizini. Saa moja ikagonga. Kengele za kukumbusha dawa zikalia pamoja kwenye simu mbili mezani."

"Halafu?"

"Wakatazamana. Mume akasema ukweli wote. Mke hakujibu. Hakusema naye siku tisa; alishona tu, mchana kutwa. Siku ya kumi alitoka, akaenda zizini, akapanda juu ya hori, akalitoa kopo la mumewe paani. Akaja nalo. Akaliweka rafuni kando ya la kwake."

Upande wa pili pumzi zilikuwa zinasikika moja moja. "Hakusema kwamba amesamehe?"

"Hakusema."

"Labda alichoka tu kuona ninalowa mvua."

"Labda."

"Halafu?"

"Halafu akabandika maji ya chai."

Mzee alikuwa ameusogelea ukuta. Kupitia upenyo wa mianzi Tupokigwe aliona vidole vinne vya kizee vimeshika fito, kucha zimejaa udongo wa shamba. Shangazi alikuwa ametoka zamani kwenda kwenye majani, na hakuna aliyemwona akiondoka.

"Alitoa vikombe vingapi?"

Hilo mzee hakuwa amelisema. Asubuhi ile ya tatu hadithi yake iliishia kwenye maji yakianza kuchemka, hapo hapo, na Tupokigwe aliyetazama kila kitu kwa subira maisha yake yote hakuwa na mahali pa kulitazama jibu.

"Viwili, baba," alisema.